Mikoko ya Pate: Mwisho wa Juma Katika Msitu wa Maji na wa Maneno

Utangulizi

Jina la Pate linapotajwa katika darasa la fasihi, kinachokuja akilini kwanza ni tendi. Huko ndiko Bwana Mwengo wa Athumani alikotunga Utendi wa Tambuka mwaka 1728. Na katika kisiwa hicho hicho, mjini Siyu, ndiko alikotawala Bwana Mataka, mumewe Mwana Kupona. Kwa sababu hiyo, wanafunzi wa Kiswahili wanaobahatika kufika huko huelekea moja kwa moja kwenye magofu, wakapiga picha kuta zilizobomoka, kisha wakaharakisha kurudi Lamu. Msitu wa mikoko waliopita kandokando yake njia nzima hawaushughulikii. Huuona kuwa ni mandhari tu, au kuwa ni kazi ya wanafunzi wa biolojia.

Makala haya yanaeleza kwa nini mwisho wa juma mmoja katika mikoko ya Pate ni mapumziko na pia ni somo la lugha, na jinsi safari hiyo inavyopangwa. Aidha, yanaonyesha kuwa sehemu ya msamiati wa Kiswahili cha kaskazini imo hatarini pamoja na msitu wenyewe.

Msitu na hadhi yake

Zaidi ya asilimia 60 ya mikoko yote ya Kenya imo katika Lamu, na sehemu yake imezunguka Pate na vijito vyake. Misitu hiyo si mali isiyo na mwenyewe. Mwaka 1932 serikali ya kikoloni iliitangaza kuwa misitu ya hifadhi, na baada ya uhuru hadhi hiyo ilithibitishwa upya mwaka 1964. Kaskazini mashariki ya Pate kuna Hifadhi ya Bahari ya Kiunga, iliyoanzishwa mwaka 1979, ambayo maji yake yana matumbawe, nyasi za bahari, kasa, na nguva ambao sasa ni nadra sana.

Hata hivyo, anayetarajia lango, tiketi na barabara ya changarawe hatavipata Pate. Lango la msitu huu ni maji, na mlinda lango ni mwezi.

Safari huamuliwa na maji

Wahenga walinena kuwa maji yakijaa hupwa. Kwa mkazi wa Pate methali hii ni falsafa na ni ratiba pia. Chombo kinachotoka Lamu hupita katika mlango wa Mkanda, kati ya kisiwa cha Manda na bara. Mkanda ni mwembamba na kina chake ni kifupi. Maji yakipwa, chombo hukwama topeni. Vivyo hivyo, mbele ya mji wa Pate maji yakitoka hubaki uwanja mpana wa tope na mchanga, hivyo abiria mara nyingi hushukia Mtangawanda, upande wa magharibi wa kisiwa. Msomaji anayekumbuka kwamba mchele huitwa mtele na macho huitwa mato katika lahaja za kaskazini, atautambua upesi mchanga katika mwanzo wa jina hilo.

Basi mwenye kupanga safari hana budi kutazama kalenda ya mwezi kabla ya kalenda ya chuo. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Katika siku hizo, pwani ya Kenya maji hujaa alfajiri na tena alasiri, na hupwa kati ya asubuhi na adhuhuri. Kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Ndiyo maana baada ya juma moja hali huwa kinyume: huja maji mafu, ambayo hujaa kwa uchache kuelekea adhuhuri na hayapwi mbali.

Kutokana na hali hiyo, mgeni ana chaguo mbili. Akienda wakati wa bamvua, ataingia vijitoni kwa mtumbwi alasiri maji yakiwa yamefika kwenye matawi, na asubuhi yake atatembea juu ya tope na kuiona mizizi yote. Akienda wakati wa maji mafu, atasafiri mchana kwa urahisi zaidi, lakini msitu hautamfunulia mengi. Kwa mwanafunzi, bamvua ni bora, ingawa viatu vyake havitapona.

Jumamosi: miti na majina yake

Katika pwani ya Kenya kuna aina 9 za mikoko. Katika matumizi ya kila siku mikoko ni jina la jumla, lakini kwa mkataji wa Pate mkoko ni mti mmoja mahususi. Ni ule wenye mizizi iliyojipinda kama miguu ya buibui, ambao mbegu yake huota ingali mtini, ikaning'inia mithili ya kijiti kirefu cha kijani hadi idondoke topeni. Jirani yake ni muia, wenye mizizi iliyokunjika kama magoti. Mchu una mizizi inayochomoza wima kama kalamu zilizopangwa, na hustahimili chumvi kuliko wenzake. Mlilana husimama mbele kabisa, unakoanza msitu kwa upande wa bahari.

Kila jina huja na kazi yake. Mlilana hutoa mataruma ya kuundia vyombo. Msikundazi, ambao hunyooka vizuri, umetumika kwa milingoti. Magome ya mkandaa yalitumika kutengenezea ngozi na kutilia rangi. Mkomafi hutoa mbao. Nahodha mwenyeji akiulizwa mti huu ni upi, jibu lake kwa kawaida halimaliziki kwa jina. Huongeza unafaa nini, unaota wapi na maji gani huufikia. Hiyo ni leksikografia inayofanywa ndani ya mtumbwi.

Jumapili: kutoka msituni hadi nyumbani

Siku ya pili yafaa itumike katika miji. Kutoka mji wa Pate hadi Siyu ni mwendo wa miguu wa takriban saa 2, na kusini ya Siyu kuna magofu ya Shanga, mji ulioanza karne ya 8 na kuhamwa karne ya 15. Aliyepita msituni jana yake huyatazama magofu kwa jicho jingine. Vyumba vya nyumba kongwe za mawe ni virefu lakini vyembamba, upana wake mara nyingi haufiki mita 3. Sababu yake iko topeni: dari ilibebwa na boriti za mikoko, na chumba hakikuweza kuwa kipana kuliko urefu wa mti unaofaa. Kwa hiyo, zile kumbi na zidaka zinazosifiwa na kuliliwa katika ushairi wa Waswahili zilipimwa kwanza na msitu, kisha na mwashi.

Hapa ndipo msamiati wa biashara unapojitokeza. Mwanafunzi wa bara hudhani boriti ni mti wowote wa dari. Kwa mkataji wa Lamu, boriti ni daraja la unene. Mti mwembamba kabisa ni ufito. Unene ukiongezeka, hufuata pau, mazio, boriti, nguzo, na mwisho banaa. Boriti ina kipenyo cha takriban sentimita 11.5 hadi 13.5, ikipungua hapo ni mazio, ikizidi ni nguzo. Miti huhesabiwa kwa korija, yaani 20. Kwa karne nyingi majahazi yaliibeba miti hiyo kwa pepo za kusi hadi Uarabuni na Ghuba, ambako ilijengea nyumba pia.

Kinachohatarishwa

Biashara hiyo ya ng'ambo ilipigwa marufuku na serikali ya Kenya mwaka 1982. Februari 2018 ukataji miti katika misitu ya umma ulisimamishwa nchini kote, na familia nyingi za wakataji wa Lamu zikakosa riziki kwa muda. Wakati huohuo ujenzi wa bandari mpya ya Lamu, ambayo gati yake ya kwanza ilifunguliwa Mei 2021, uligusa mikoko na maeneo ya uvuvi. Kwa upande wa matumaini, wanawake wa Mtangawanda wamejitolea kupanda upya mikoko mahali ilipokatwa.

Mtafiti wa lugha anakabiliwa na swali gumu. Msitu ukiachwa ukatwe ovyo, majina yatapoteza vitu vyake. Msitu ukilindwa kwa kumfungia nje mkataji, vitu vitabaki lakini majina yatapoteza wasemaji wake. Kijana asiyewahi kuchagua mazio kati ya pau na boriti hana haja ya kuyatofautisha. Kwa hiyo uhifadhi unaoifaa lugha ni ule unaoendeleza kazi pamoja na msitu: kukata kwa kiasi, kupanda, kuvua na kuunda vyombo.

Hitimisho

Ni dhahiri kwamba mikoko ya Pate ni chanzo cha maarifa ambacho idara na vyama vya Kiswahili havijakitumia ipasavyo. Safari ya siku 2, ikipangwa kwa bamvua na kuongozwa na mwenyeji anayelipwa haki yake, yaweza kumpa mwanafunzi orodha ya istilahi zenye maelezo na miktadha yake, pamoja na ufahamu mpya wa tendi alizozisoma darasani. Istilahi hizo zikusanywe, zirekodiwe kwa matamshi ya Kipate, Kisiu na Kitikuu, na nakala zake zirejeshwe kwa wenyewe kisiwani. Wakataji na manahodha wanaozitumia kila siku bado wapo, na wengi wao ni wazee.