USALAMA BARABARANI: Taa za motokari zikiwaka na kuzimika

Ndugu mfanyakazi, umemaliza kazi ya usiku na unarudi nyumbani. Motokari inaingia katika shimo, taa moja ya mbele inazimika, halafu inawaka tena. Unashuka, unaipiga ngumi, inakaa sawa. Unasema: «Nitaiangalia siku ya mshahara.»

Ngoja kwanza. Mbele yako kuna mtu anasukuma kinga yenye mifuko ya makala, hana taa nyuma. Ukienda mwendo wa kilomita 80 kwa saa, kila sekunde moja motokari inakula metre 22 za barabara. Taa ikizimika sekunde mbili tu, umepita metre 44 bila kuona kitu.

Wengi wetu tunafikiri taa inayocheza imechoka, basi tunakwenda sokoni kununua ampule yenye nguvu zaidi. Mara nyingi ampule haina kosa. Kosa liko katika njia ya umeme.

Jiulize kwanza: inacheza taa moja ao zote mbili?

Kama ni moja, ubaya uko karibu na taa ile ile. Zima kila kitu, acha ampule ipoe, ondoa kichomeko cha nyuma yake. Uangalie kama kimegeuka rangi ya kahawa, kama plastiki imeyeyuka, kama meno ya ndani yamelegea. Halafu fuata waya wa mase, ule unaofungwa kwenye chuma cha motokari. Hapo ndipo adui anapokaa! Matope ya mvua na vumbi la kiangazi vinaleta kutu chini ya vida, umeme unakosa njia ya kurudi. Kuna namna rahisi ya kuhakikisha: washa taa, twaa kipande cha waya, ncha moja uishike kwenye mase ya taa, nyingine kwenye upande wa kutoa wa batri. Taa ikipata nguvu mara moja, umeshika mwizi. Fungua vida, piga msasa mpaka chuma king'ae, paka mafuta mazito, kaza vizuri.

Ukibadilisha ampule ya alojeni, usishike kioo kwa vidole. Mafuta ya mkono yanabaki pale, kioo kinapata moto vibaya, na ampule inakufa mbele ya wakati wake.

Sasa tuseme juu ya zile ampule za «nguvu». Jirani mmoja wa kambi alinunua mbili za wati 100. Juma la kwanza alijisifu sana. Halafu taa zikaanza kucheza, na siku moja bibi yake akasikia harufu ya plastiki inayoungua. Hesabu yake ni hii: ampule mbili za kawaida za wati 60, kwenye volti 12, zinavuta karibu ampere 10. Mbili za wati 100 zinavuta karibu 17. Lakini joto ndani ya waya halifuati hesabu hiyo. Linakaribia mara tatu. Waya na kifungo cha kuwashia havikutengenezwa kwa mzigo huo. Fizibili inakatika ili kukulinda, na wewe unaifunga kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara! Tangu saa ile, kinachoungua si fizibili tena, ni motokari.

Unataka mwanga mzuri? Acha ampule ya kawaida, umwambie fundi alete umeme toka batri moja kwa moja, kwa waya mnene, akiweka rele na fizibili karibu na batri. Ampule inayopungukiwa na sehemu moja ya kumi ya volti zake inapoteza karibu sehemu moja ya tatu ya mwanga. Umpe volti zake, utashangaa.

Taa zote mbili zikicheza pamoja, tafuta mahali zinapokutana: vichwa vya batri, mase kubwa ya motere, kifungo, rele. Motere ikizunguka, kipimo kwenye batri kionyeshe volti 13,8 mpaka 14,4. Ikiwa chini, na taa zinafifia motere ikienda polepole, angalia mkanda na altanateri. Ikipita 15, ni kosa la kidhibiti cha altanateri, na ampule zitakufa moja baada ya nyingine.

Taa za LED za siku hizi zina ugonjwa wao. Motokari nyingi mpya zinatuma umeme kwa vipande vya haraka sana. Uzi wa ampule ya zamani hauwahi kupoa katikati, LED yenyewe inaonyesha kila kukatika. Kama muuzaji hana kifaa kinachofaa motokari yako, rudisha alojeni.

Na motokari iliyotoka Japani, ambako watu wanapita kushoto, taa yake fupi inainua mwanga upande wa kushoto. Sisi tunapita kuume, basi mwanga ule unaingia machoni mwa yule anayekuja. Ukinunua taa nyingine, uombe za nchi zinazopita kuume.

Zikikuzimikia njiani, usikanyage breki kwa nguvu. Ondoa mguu polepole, jaribu taa ndefu, maana zina uzi wao na mara nyingine zinabaki. Washa taa za hatari, shika ukingo wa barabara, weka pembetatu mbali nyuma ya motokari. Bibi na watoto washukie upande wa majani, wasimame mbali na lami mpaka msaada ufike.