Nyota wa Muziki na Macho ya Vijana

Ihembe, katika nchi ya Karagwe ya kale ambayo leo imegawanyika kuwa wilaya mbili, Karagwe na Kyerwa, kijana anayepalilia mibuni ya babaye aghalabu huwa na simu mfukoni inayoimba, na ukitazama jinsi nywele zake zilivyonyolewa utamjua mara moja msanii anayemhusudu. Wazee hunung'unika, nami sioni ajabu, kwani mwanadamu hujifunza kwa kutazama kabla hajajifunza kwa kuambiwa.

Jambo hilo lilidhihirishwa na Albert Bandura, mtaalamu wa elimunafsi katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, ambaye mwaka 1961 aliwaweka watoto wadogo wamtazame mtu mzima akilitwanga dude kubwa lililojazwa hewa, nao walipoachwa na dude lile wakayaiga mapigo yake, na hata maneno yake. La kuzingatiwa zaidi ni jaribio lake la mwaka 1965, ambamo watoto waliomwona mpigaji akiadhibiwa ndani ya filamu walijizuia kumwiga, lakini walipoahidiwa tunzo kwa kila kitendo watakachokumbuka wakavionyesha vitendo hivyo sawasawa na wenzao. Somo lilikwisha kuingia. Adhabu ililifungia mlango wa kutokea tu. Kwa hiyo wale wanaodhani kwamba kuupiga wimbo marufuku hufuta taathira yake, nahofia wanajighilibu.

Si kila atazamwaye huigwa. Huigwa zaidi mwenye hadhi, na zaidi ya huyo, mwenye hadhi ambaye mtazamaji anajiona amefanana naye. Hapo ndipo ninapompa Saida Karoli daraja yake: binti wa mkoa huu huu wa Kagera, aliyevuma nchi nzima mwaka 2001 kwa wimbo wa "Maria Salome" akiimba kwa Kihaya, lugha ambayo Mnyambo, mwenyeji wa Karagwe, huifahamu pasipo mkalimani. Mwanamuziki Diamond Platnumz alipoufufua wimbo ule mwaka 2016, wasichana wa hapa walikuwa na hoja ambayo hakuna mwalimu angeweza kuwapa, kwamba lugha iliyo ndugu na ile ya nyanya zao ilikwisha kufika Dar es Salaam na kushangiliwa.

Mwaka 1956 wataalamu wawili wa Marekani, Donald Horton na Richard Wohl, waliandika juu ya urafiki wa upande mmoja, ambao msikilizaji humjua mtangazaji au mwimbaji kama sahibu yake, ilhali mwenyewe hana habari naye. Wengi huucheka urafiki huo. Lakini kuna wakati ulioonyesha nguvu zake: Kagera ndiko walikotambuliwa wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania, mwaka 1983, na kwa miaka mingi maradhi yale yalisemwa kwa kunong'ona, hata mwezi Aprili 1989, ng'ambo ya mpaka, mwimbaji Philly Lutaaya wa Uganda aliposimama hadharani akakiri kwamba ameambukizwa, kisha akazunguka mashuleni na makanisani akisema na vijana huku mwili wake ukidhoofu mbele ya macho yao. Hakujidai kuwa walii. Maelfu ambao hawakupata kushikana naye mkono walijiona wana rafiki anayeugua, na ugonjwa uliokuwa wa watu wengine ukapata sura wanayoijua na sauti waliyokwisha kuipenda. Alifariki tarehe 15 Desemba mwaka huo huo, akiwa na umri wa miaka 38.