Nyavu Tupu Nazo Zina Habari

Majira ya baridi yanapokaribia Ulaya na Asia ya Kaskazini, siku hufupika, wadudu huadimika, na ndege wengi huanza safari ndefu ya kuelekea kusini. Wengi hupita Afrika ya Mashariki wakati upepo wa kaskazi unapoanza kuvuma. Mojawapo ya mahali mashuhuri pa kuwachunguza wasafiri hawa ni Ngulia, katika Mbuga ya Taifa ya Tsavo Magharibi, nchini Kenya. Kazi ya kuwavisha ndege pete ilianza huko mwaka 1969, na kwa misimu mingi imefanywa na watu wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali.

Kazi yenyewe ni kama ifuatavyo. Nyavu za nyuzi nyembamba husimamishwa kwenye miti. Ndege akinaswa, hutolewa kwa uangalifu, huvishwa mguuni pete ya madini yenye namba yake peke yake, hupimwa uzito na urefu wa bawa, kisha huachiliwa. Mwanzilishi wa utaratibu huu alikuwa mwalimu wa shule wa Denmark, Hans Christian Mortensen, ambaye mwaka 1899 aliwavisha kwezi pete za alumini. Kwa njia hii, ndege waliovishwa pete Ngulia wamepata kuonekana tena Urusi na katika nchi za Arabuni.

Usiku wa giza lisilo na mwezi, ukungu ukitanda, ndege hupotewa na njia na kuvutwa na taa za hoteli ya watalii iliyoko mlimani hapo. Usiku mmoja wa namna hiyo huweza kuleta mamia ya ndege nyavuni. Lakini ukungu usipotanda, ndege hupita juu sana. Watu hukesha, nao hupata ndege wawili watatu, au wasipate hata mmoja. Je, msimu wa namna hii ni hasara?

La, hasha. Kwanza, yafaa tutambue kwamba uchache wa wanaonaswa si lazima uwe uchache wa wanaopita. Ndiyo sababu daftari huandikwa pia hali ya hewa, mwezi, idadi ya nyavu na saa zilizokaa wazi.

Pili, sifuri nayo ni kipimo. Tuchukue mfano wa kubuni: katika siku tano wamenaswa ndege 20, 0, 0, 10 na 0. Wastani ni ndege 6 kwa siku. Mwandishi mvivu akiziacha siku tupu, wastani hupanda hadi 15. Miaka ishirini baadaye, mchunguzi atakayetaka kujua kama ndege wamepungua atapewa jibu la uongo, wala hatakuwa na njia ya kulisahihisha, kwa kuwa usiku uliopita haurudi.

Tatu, siku za uchache huleta nafasi ya kupima kwa makini. Ndege aliyevishwa pete Jumatatu akinaswa tena Ijumaa, tofauti ya uzito wake hutuonyesha kama amepata chakula cha kutosha cha kuendelea na safari. Msitu uliomlisha wiki hiyo ni kituo chake cha njiani. Ukifyekwa, safari yake yote imo hatarini.

Wanafunzi wasijaribu kutega nyavu, kwani kazi hiyo yahitaji kibali na mafunzo. Hata hivyo, kila shule yaweza kuchagua mti mmoja au bwawa moja, na kuhesabu ndege kwa dakika kumi na tano kila asubuhi, saa ile ile, kuanzia Oktoba hadi Machi. Mwalimu asisitize jambo moja: asubuhi isiyo na ndege, andikeni tarehe, hali ya hewa, na 0.