Namba Yako ya Simu Ndiyo Inakuchoma: Jinsi ya Kucheza Gemu Bila Kujianika

Kwa gemu unaitwa Simba_KE, picha ya profaili ni katuni, na hakuna msee anajua sura yako. Unaona uko salama. Kisha kunatokea tonamenti ya eFootball, kiingilio ni soo, na linki ya grupu ya WhatsApp ndiyo hii. Ukiingia tu, umejianika.

Rada ni hii. Kwa grupu ya kawaida ya WhatsApp, kila mtu aliye ndani anaona namba yako. Tuseme umemchapa mtu 5-0 na ameskia vibaya. Anafungua M-Pesa, anaweka namba yako, anaandika ashara. Kabla pesa itoke, anaonyeshwa jina la mwenye namba ndio asikosee mtu. Anasoma, anakata. Hajatumia hata shilingi, na wala si haka.

Sasa ako na jina. Facebook iko na picha zako, na mathe amekutag. Mathe anauza mtumba hapo hapo, kwa hivyo namba yake iko wazi. Usiku anapigiwa simu: "Kijana wako amepata ajali, tuma pesa ya dawa haraka." Ametajiwa jina lako lote, ataachaje kuamini?

Si lazima uache gemu. Fanya hivi:

1. Tenga laini. Kuwa na laini ya pili ya magrupu na gemu, na usiisajili M-Pesa. Bila M-Pesa, hiyo njia ya ashara haimpi mtu jina. Lakini kumbuka, ukilipa kiingilio na M-Pesa, anayepokea anajua jina lako. Jua ni nani kwanza.

2. Funga milango. Kwa WhatsApp, ingia mipangilio ya faragha, uchague watu unaowajua tu ndio wakuongeze kwa magrupu na waone picha yako. Telegram inakuruhusu kuficha namba kabisa. Mbogi ikikubali, hamieni Discord, huko watu wanaona jina la akaunti tu.

3. Zile namba 6 ni zako pekee. Mtu akisema "nimekutumia SMS kimakosa, nisomee," anataka kunyakua WhatsApp yako. Weka PIN ya hatua mbili leo.

4. Usidanganywe na Incognito. Inaficha historia kwa simu yako tu. Tovuti na mwenye WiFi bado wanaweza kukuona. Google ilishtakiwa Marekani mwaka wa 2020 juu ya hii maneno, na 2024 ikakubali kufuta data iliyokusanya. Na ukicheza PS ya mtaa, toka kwa akaunti yako kabla uende.

Mtu akianika picha au data yako bila ruhusa, kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Unaweza kupeleka malalamiko kwa ofisi ya Kamishna wa Data. 2023, klabu moja Nairobi ilipigwa faini ya Sh1,850,000 kwa kuposti picha ya mteja bila idhini yake.

Anza sai. Pitia magrupu yako, na yale hujui hata admin ni nani, toka.