Dhofar: Milima ivikwayo kijani na upepo wa kusi

WENGI wetu tukiisikia Bara Arabu hufikiri mchanga na jua kali. Lakini kusini mwa Oman, katika mkoa wa Dhofar wenye mji mkuu wa Salalah, Mwenyezi Mungu (S.W.) ameweka milima inayogeuka kijani kibichi kila mwaka, wakati majangwa ya jirani yanaungua.

Sababu yake ni kusi, upepo ule ule ulioyasukuma majahazi ya pwani yetu kwenda Uarabuni. Kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Septemba, kusi huvuma juu ya bahari iliyopoa, likabeba ukungu na kuukumbatisha na milima ya Qamar, Qara na Samhan. Wenyeji huuita msimu huo kharif. Mvua yenyewe ni manyunyu tu. Kazi kubwa hufanywa na miti. Majani huunasa ukungu, matone yakadondoka na kuzama ardhini, yakalisha chemchemi zilizo chini ya milima. Subhanallah!

Ibn Battuta alipoondoka Kilwa, mnamo mwaka 1331, alisafiri hadi huko huko, akastaajabu kuona mifugo ikilishwa dagaa wakavu. Leo mgeni wa Afrika Mashariki atastaajabia madafu, ndizi na mapapai yanayouzwa kando ya barabara za Salalah, kana kwamba yuko kwao.

Nyuma ya milima, ukungu usikofika, ndiko kwenye miti ya ubani. Gome huchanjwa, utomvu ukatoka kama machozi na kuganda. Bonde la Wadi Dawkah, pamoja na magofu ya bandari za kale, liliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000.

Juu ya Jabal Ittin lipo kaburi linalonasibishwa na Nabii Ayyub (A.S.). Wengine humnasibisha na Sham. Allah ndiye Mjuzi. Azuruye na aikumbuke subira yake, wala asimwombe aliyelala humo.

Kuna jambo linalotia wasiwasi. Tangu miaka ya 1970 ngamia na ng'ombe wameongezeka mno, nao hula miti. Watafiti wameonya kuwa mti ukitoweka, majani mafupi hayawezi kunasa ukungu kama ulivyonasa, na maji hupungua. Mfugaji naye ana haki yake, kwani ngamia ni urithi wa babu zake. Wakati wa kharif huwateremsha uwandani wasiteleze topeni. Msimu ukiisha, huwapandisha tena, na miti ndiyo kwanza imejaa majani.