Kitabu Kishuke Iguguno

Ukitoka Singida mjini kuelekea Nzega na Mwanza, unapita Iguguno kabla hujafika Misigiri na milima ya Sekenke. Malori ya mizigo ya Rwanda na Burundi hupita hapo usiku na mchana, na hapohapo huchepuka njia ya kwenda Nduguti, makao makuu ya Wilaya ya Mkalama, ikaendelea hadi Gumanga. Njia panda hiyo ndiyo iliyoipa Iguguno uhai. Saruji hushuka pale, na mabati, mitumba, dawa za mifugo na mbegu. Alizeti, vitunguu na kuku hupandia pale kwenda mbali. Katika shehena yote hiyo, kitabu cha kusoma kwa hiari, kisicho cha kiada wala cha mtihani, ndicho mzigo adimu kuliko yote.

Sababu ya kwanza imo katika mpangilio wenyewe. Maktaba za umma nchini zimepangwa kwa kufuata ngazi ya utawala. Juu ipo Maktaba Kuu ya Taifa, zinafuata za mikoa, kisha za wilaya, pale ambapo halmashauri imetoa jengo na Bodi ya Huduma za Maktaba ikaleta vitabu na utaalamu. Kata kwa kawaida haimo katika hesabu. Mkalama yenyewe ni wilaya changa, iliyomegwa kutoka Iramba mwaka 2012, na wilaya changa huanza na ofisi, hospitali na nyumba za watumishi. Hata siku itakapojenga maktaba yake, kwa desturi itaijenga makao makuu. Mwanafunzi wa Iguguno, mama mwenye genge na mzee mstaafu aliyerudi kwao na miwani yake watatakiwa kupanda gari kufuata kitabu. Maktaba inayodai nauli ya kwenda na kurudi ni ya umma kwa jina tu.

Haikuwa hivi siku zote. Tangu 1948, East African Literature Bureau, iliyokuwa na makao yake Nairobi, ilikuwa ikituma vitabu kwa posta na kwa masanduku hadi mahali ambapo hapakuwa na jengo lolote la maktaba. Baada ya Uhuru, sheria ya 1963 ikaunda chombo chetu wenyewe cha maktaba. Tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere akafungua jengo la Maktaba Kuu, Dar es Salaam, na mwaka 1975 sheria mpya ikaunda Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania kama tunavyoijua leo. Lakini kwa msomaji wa kijijini, jambo kubwa zaidi lilitokea nje ya majengo hayo. Mwalimu aliutangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Zikafuata kampeni za redio, Mtu ni Afya mwaka 1973 na Chakula ni Uhai mwaka 1975, watu wakikaa kwa vikundi chini ya mti, redio katikati na kijitabu mkononi. Mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma walikuwa takriban 67 katika kila 100. Kufikia 1986 Serikali ilitangaza kwamba wamebaki chini ya 10.

Waliosimamia kampeni ya kufuta ujinga walijua kwamba aliyejifunza kusoma akikosa cha kusoma husahau. Ndiyo maana maktaba za vijijini ziliwekwa katika kata: kabati katika chumba cha shule, ofisi ya chama au mahakama ya mwanzo, na mwalimu wa karibu akapewa ufunguo na daftari la kuazimia. Hazikuwa na fahari yoyote. Hata hivyo, kwa mara ya kwanza mpango wa nchi ulimhesabu mkulima kuwa msomaji.

Kilichoziua hakikuwa uvivu wa wananchi. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 uchumi ulianguka, karatasi ikawa bidhaa ya kutafutwa, magazeti yakapunguzwa kurasa. Vitabu vya kabatini vilisomwa vikachakaa, na vipya havikuja. Mwalimu aliyeshika ufunguo akahamishwa. Sensa ya 2012 ilionyesha kwamba kati ya watu wazima 100, kiasi cha 22 hawakujua kusoma na kuandika. Nchi iliyokuwa mfano kwa bara zima ilikuwa imerudi nyuma. Nikisikia mtu akisema Watanzania hawapendi kusoma, huwa namwuliza: wamenyimwa vitabu kwa miaka mingapi kabla ya hukumu hiyo kutolewa?

Tuseme basi kabati limerudi Iguguno. Liwekwe nini?

Mimi ningeanza na ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, ndiyo inayoamua nani anamiliki shamba la alizeti, hati ya hakimiliki ya kimila inapatikanaje, baraza la kijiji lina mamlaka gani na mkutano mkuu wa kijiji una mamlaka gani. Mjane anayesukumwa nje ya shamba la marehemu mumewe hahitaji kusimuliwa haki zake na mtu mwenye maslahi katika kesi. Anahitaji kuifungua sheria kwa Kiswahili, mbele ya mtu anayeweza kumwonyesha kifungu, kisha aende nayo barazani. Tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama nchini, kwa hiyo hakuna kisingizio cha lugha. Kilichobaki ni umbali kati ya karatasi na mjane.

Alizeti ni hivyohivyo. Bei ilipoporomoka mwaka 2023, wakulima wengi wa Singida waliiona sokoni tu, mfukoni kukiwa kweupe. Mjadala wa ushuru wa mafuta ya kula kutoka nje ulikuwa umeandikwa katika nyaraka za bajeti, kwa Kiswahili, mapema. Nyaraka hizo zingekuwa mezani Iguguno, mkulima asingeizuia bei kushuka, lakini angejua swali la kumwuliza mbunge wake. Hotuba ya bajeti, taarifa ya mapato na matumizi ya halmashauri, mwongozo wa afisa ugani: hizi ni karatasi zinazomhusu mkulima kuliko mtu yeyote, na yeye ndiye wa mwisho kuziona.

Kisha kuna urithi. Mkalama ni kwao Wanyiramba, Wanyisanzu na Wahadzabe. Miaka ya 1930 Mjerumani Ludwig Kohl-Larsen alizunguka huku akikusanya hadithi za Wanyisanzu na Wahadzabe. Baadaye zilichapishwa Ujerumani, kwa Kijerumani. Msomaji wa kule anaweza kuziazima. Mjukuu wa waliozisimulia hawezi, na hata kitabu kikimfikia hana lugha ya kukisomea. Kwangu hili ni deni. Maktaba ya Iguguno ingeweza kulilipa kidogokidogo, si kwa kungoja tafsiri tu, bali kwa kuwa mahali ambapo wazee hurekodiwa, maneno yao yakaandikwa na kuwekwa rafuni pamoja na vitabu vingine. Mtoto anayezungumza Kinyiramba nyumbani, akafundishwa kwa Kiswahili shule ya msingi na kwa Kiingereza sekondari, hupanda ngazi tatu za lugha bila kukuta hata moja yenye vitabu vya kutosha. Masanduku ya msaada kutoka ng'ambo huja na Kiingereza. Tuyapokee kwa shukrani, lakini fedha yetu inunue Kiswahili. Waandishi tunao. Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyoanza kutolewa mwaka 2023, inaibua wapya kila mwaka, nao wanahitaji wasomaji zaidi ya wale wa mijini.

Wapo watakaosema simu imemaliza kazi ya maktaba. Ni kweli kwamba Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada mtandaoni, na hilo ni jema. Lakini simu katika nyumba nyingi ni ya baba, bando lina mwisho, na kitabu cha kurasa 300 hakisomeki vizuri kwenye kioo kilichopasuka, mwenyewe akiidai simu yake. Watoto watatu hawawezi kusoma vitabu vitatu kwa simu moja jioni moja.

Wala tusidanganywe kwamba ni lazima kuanza na jengo kubwa. Garissa, Kenya, tangu 1996 ngamia wamekuwa wakibeba masanduku ya vitabu hadi kwa wafugaji. Iguguno hakuna ngamia, ila bodaboda zimejaa, na punda wa Singida hajawahi kushindwa na sanduku. Mfano ninaoupenda zaidi uko Kitengesa, kijiji cha Masaka, Uganda. Maktaba ya pale, iliyoanzishwa 1999, ilianza na sanduku moja la vitabu kwenye shule ya sekondari. Wanafunzi hufanya kazi ya ukutubi na kwa kazi hiyo husaidiwa karo. Mpango huo umeshika jambo ambalo majengo mengi ya fahari hulikosa: kuna mtu ambaye riziki yake inategemea kitabu kutoka na kurudi.

Hapo ndipo penye uzito. Nimeona vyumba vya maktaba vilivyozinduliwa kwa utepe na ngoma, mwaka mmoja baadaye kufuli limeota kutu na vitabu vimefungiwa visichafuke. Mtunza ufunguo aliogopa hasara kuliko alivyoogopa ujinga, na simlaumu, kwa kuwa kitabu kikipotea kilikatwa kwenye posho yake. Kitabu kinachozuiwa kwenda nyumbani hakijamfikia mwanakijiji. Mchana yuko shambani, na nafasi yake ya kusoma ni usiku. Kwa hiyo kuazimisha kuruhusiwe, upotevu uwekwe kwenye bajeti kama zinavyowekwa gharama nyingine, na mlango ufunguliwe jioni na siku ya mnada, watu wa vijiji vya jirani wanapokuja wenyewe.

Waheshimiwa madiwani wa Mkalama, mtakapokaa kupitisha bajeti ijayo, msianze na ramani ya jengo. Ombeni chumba kimoja Iguguno, shuleni au ofisi ya kata, na makabati mawili. Iandikieni Bodi ya Huduma za Maktaba iwaletee vitabu na imfundishe kazi kijana mmoja wa hapo. Kisha wekeni kifungu cha mshahara wake, wa mwaka mzima na kila mwaka, kwa sababu kabati lisilo na mkutubi tumeshaliona mwisho wake.