Kibomba cha kati: nilikitafuta Ruiru, nikakipata Thika

Mwaka jana, kwa muda wa miezi minne, nilinunua beringi za gurudumu la mbele mara tatu. Mara ya mwisho ziliponifia nilikuwa Juja kwenye barabara kuu ya Thika, mwanangu amekaa nyuma na begi lake la shule, tairi likaanza kuyumba kama mtu aliyetoka kwa mgema. Nikaegesha kando na kuigusa habu. Moto, haishikiki. Mtoto nikampandisha matatu aende zake shule, mimi nikabaki pale na fikira moja: beringi nzuri haifi kwa wiki tano.

Jamaa wa Malindi wanaijua pikipiki hii. Ni Yamaha ya 1986, ya marehemu baba, niliyoipandisha bara kwa lori nilipohamia Ruiru kikazi. Kwetu pwani bado ziko nyingi za rika lake, na ndiyo sababu nayaeleza haya.

Gurudumu la mbele lina beringi mbili, moja kila upande wa habu. Baina yao, ndani kusikochungulia mtu, mna kibomba cha chuma ambacho ekseli hupita katikati yake. Mafundi wa huku hukiita spesa, wengine bushi, na taabu huanzia hapo, maana bushi na spesa ni majina pia ya ile pete fupi inayokaa nje ya habu. Ukitaja jina tupu dukani utapewa hiyo ya nje. Mimi nilipewa mara mbili.

Kazi yake ni hii. Ukikaza nati ya ekseli, nguvu yote hupita kwenye pete za ndani za beringi. Kibomba huipokea kutoka beringi moja na kuipeleka ya pili, ili pete hizo zisisogeleane. Kikiwa kifupi, hata kwa unene wa ukucha, pete za ndani husukumwa zikaribiane, na zile za nje zimezuiliwa na ukingo wa habu. Gololi hubanwa ubavuni. Beringi hizi zimeundwa hasa kubeba uzito wa juu kwenda chini. Wa ubavuni huuvumilia kidogo tu. Huchemka, grisi ikatoka, na safari ikaishia Juja.

Nilipoifungua habu yangu nilikuta kipande cha bomba la maji. Fundi mmoja wa zamani, simtaji, alikipoteza kibomba cha asili akakata hicho kwa msumeno, na ncha moja imekwenda upande. Nikikikaza, kinabana beringi sehemu moja na kuacha nyingine.

Maduka ya spea Ruiru yamejaa, lakini yamejaa Boxer na TVS. Serikali ilipoondoa VAT kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, bodaboda ziliingia kwa wingi, na mwenye duka hulisha wanaonunua kila siku. Siwalaumu. Kijana mmoja karibu na stendi aliangalia kipande changu akasema, "Mzee, hii mashine ni ya museum. Uza kwa kilo." Hata hivyo alinitolea spesa tatu za pikipiki mpya tuzijaribu. Moja tundu lake liliikubali ekseli yangu, lakini fupi kwa milimita nne. Akashauri niongeze washa. Nikakataa: washa nyembamba hubonyea na kuhama, nami ningerudi palepale. Nairobi, Kirinyaga Road ambayo wazee bado wanaiita Grogan, nilipata kimoja cha mtumba kilicholiwa ncha zote mbili.

Beringi zenyewe hazina shida, na hili watu wengi hawalijui. Huhitaji jina la pikipiki. Soma namba ubavuni. Tarakimu mbili za mwisho ni tundu: 01 ni milimita 12, 02 ni 15, 03 ni 17. Kwa hivyo 6202 na 6302 huingia ekseli moja, lakini ya kwanza ni 35 kwa nje na unene 11, ya pili ni 42 na 13. Kibomba hakina namba kama hiyo. Kila habu na chake, basi dawa ni kukichonga.

Thika ni mji wa viwanda, mashine za kukereza chuma hazikosi. Na neno kukereza ni letu. Mafundi wa Lamu walikereza miguu ya vitanda kabla bara hakujawa na reli. Nilifika kwa fundi mmoja wa jua kali nikampa kile kipande. Hakukitazama. "Niletee habu yote," akasema, "hiyo kitu yako ni uongo." Nikarudi Ruiru kuifuata.

Alipima kwa venia upana wote wa habu, kisha kina cha kila upande hadi ukingo inapokalia beringi, akatoa. Ikabaki 58.2. Kipande changu kilikuwa 57.6. Kibomba akakichonga 58.3, kwa sababu kuzidi kidogo, sehemu ya kumi ya milimita, hakudhuru, ila kupungua hakufai kabisa. Ncha akazinyoosha sawasawa, na unene akaupima uguse pete ya ndani tu, usifike ya nje wala mpira wa kuzuia vumbi. Shilingi 700.

Kufunga kuna utaratibu wake. Beringi ya kwanza hugongwa hadi ikae kwenye ukingo, na hugongwa pete ya nje pekee. Kibomba hutiwa, kisha ya pili hugongwa hadi iguse kibomba, basi. Ukitia kidole ndani kisogee kwa ugumu kidogo. Kikicheza, ni kifupi. Kaza nati, zungusha gurudumu. Likiwa jepesi kabla ya kukaza na zito baadaye, fungua upime tena.

Sasa ni mwezi wa tisa na beringi ni zilezile. Vipimo nimeviandika kwa rangi ndani ya kifuniko cha sanduku la spana. Kile kipande cha bomba la maji mke wangu amekichukua, anakizuilia dirisha la jikoni.